Risasi za polepole: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Hizo hazitoi sauti." Ndilo neno la kwanza utakalosikia hapa Nakuru mazungumzo yakigeukia risasi zisizofikia kasi ya sauti. Kumbe kelele ya bunduki ni mbili: mlipuko wa gesi mdomoni mwa mtutu, na mwaliko (mlio mkali wa kupasuka) unaoandamana na risasi inayoipita sauti. Ukipunguza mwendo, umeondoa mwaliko tu. Bila kiwambo cha sauti, ziba masikio kama kawaida.

"Huku juu hewa ni nyepesi, sauti inaenda tofauti." Kinachoibadilisha ni joto, si mwinuko wenyewe. Alfajiri ya nyuzi 10 Nakuru, sauti husafiri kama mita 337 kwa sekunde; mchana wa nyuzi 30 Kisumu, kama 349. Basi risasi ya mita 342 kwa sekunde itapita Kisumu mchana huo bila mwaliko, na Nakuru alfajiri ilie. Ndiyo sababu wajazaji makini, yaani wanaojijazia baruti na vichwa kwenye maganda ya risasi, hubaki karibu na mita 320 au chini yake.

"Weka kichwa kizito, nguvu itarudi." Nguvu iliyopotea kwa kupunguza mwendo itarudi kidogo sana. Kichwa, yaani kile kipande kinachoruka, cha greni 220 (gramu kama 14) kikienda mita 320 kwa sekunde kina jouli kama 730; risasi ya kawaida ya .308 (saizi maarufu ya bunduki za kuwindia), greni 150 kwa mita 860, ina karibu 3,600. Tena kichwa cha kawaida cha kuwindia kimeundwa kifunguke kikigonga kwa kasi kubwa. Kwa mwendo huu wa polepole hupenya kikiwa kizima, kikaacha tundu jembamba, na mnyama akakimbia na jeraha. Wanaowinda nguruwe mwitu Marekani kwa risasi hizi hununua vichwa vilivyotengenezwa vifunguke hata kwa mwendo mdogo, na hupiga kwa karibu. Umbali nao hauna huruma: bunduki iliyorekebishwa kwa mita 50 itapiga sentimita 20 hivi chini kwenye mita 100, na zaidi ya 60 kwenye 150. (Anayeulizia swala wa Naivasha ajue uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977. Hapa ni shabaha ya karatasi, tena kwa leseni.)

"Haifiki mbali." Ikielekezwa juu, inapita kilomita moja. Kinga ya udongo nyuma ya shabaha ni lazima.

"Bunduki yoyote inafaa." Kichwa kizito ni kirefu, na kirefu kinataka mtutu wenye msokoto (mifereo ya ndani inayoizungusha risasi) wa haraka. Mitutu ya .300 Blackout, saizi inayopendwa kwa risasi za polepole, huzungusha risasi mara moja kwa inchi 7 au 8; .308 nyingi ni inchi 10 hadi 12. Msokoto usipotosha, kichwa huyumba. Kagua karatasi: tundu likiwa refu badala ya duara, risasi imefika ubavu. Usifunge kiwambo kwenye bunduki hiyo, risasi itakigonga kwa ndani.

"Baruti kidogo ni salama zaidi." Hii ndiyo inayonitia hofu kuliko zote. Baruti inayowaka taratibu, ikipunguzwa kiholela, inaweza kuacha kichwa kimekwama katikati ya mtutu, na anayefyatua tena juu yake hupasua bunduki. Baruti ya kuwaka haraka ina mtego mwingine: kipimo chake hakijazi hata nusu ya ganda, kwa hiyo ukimimina mara mbili halifuriki. Fuata jedwali la mtengenezaji wa baruti hiyohiyo, kisha mulika tochi ndani ya kila ganda kabla ya kubana kichwa.