Ulemavu wa vita unajulikana, deni la chuo likaendelea kudaiwa

Sheria ya Marekani juu ya jambo hili iko wazi. Aliyekopa serikalini ili asome, kisha akapata ulemavu mkubwa wa kudumu, deni lake hufutwa. Kwa askari wastaafu njia ni fupi zaidi: Idara ya Masuala ya Wanajeshi Wastaafu ikishaamua kwamba ulemavu walioupata jeshini ni asilimia 100, au kwamba unawazuia kushika ajira, hawahitaji cheti kingine cha daktari.

Tatizo lilikuwa fomu.

Kwa miaka mingi msamaha huo ulipaswa kuombwa. Mkopo uko Idara ya Elimu, faili la ulemavu liko idara nyingine, na anayepiga simu kudai ni kampuni ya kukusanya marejesho, isiyojua kama huyo inayemsumbua aliumia ubongo kwa bomu la barabarani. Serikali hiyo hiyo ikawa inamlipa mtu fidia ya ulemavu, huku ikimhesabia riba.

Mwaka 2018 idara hizo mbili zikalinganisha orodha zao. Waliostahili walizidi 42,000, lakini walioomba hadi Aprili mwaka huo hawakufika 9,000. Zaidi ya 25,000 walikuwa wameshaingia kundi ambalo bodi ya mikopo ya Tanzania ingeliita la wadaiwa sugu.

Barua zilitumwa, tena barua nzuri. Ila mgonjwa aliyehama mara tatu, ambaye kila bahasha anayoipokea ni ya deni, ataijuaje moja inayomletea nafuu? Wengine waliidhania ni utapeli, na sishangai. Kwa maoni yangu, ofisi iliyo na jina na ushahidi mkononi haina sababu ya kusubiri ombi.

Mei 2019 wanasheria wakuu wa majimbo waliiandikia Idara ya Elimu kudai hivyo hivyo. Tarehe 21 Agosti, Rais Trump akasaini agizo la kufuta madeni hayo bila ombi, na kanuni za Novemba zikampa mhusika siku 60 za kukataa akitaka. Akatae kwa nini? Kodi ya serikali kuu ilishaondolewa kwenye misamaha hii kuanzia 2018, lakini baadhi ya majimbo yangeweza kuihesabu kuwa kipato cha kutozwa kodi. Pia, atakayetaka kukopa tena baadaye hudaiwa barua ya daktari kwamba anaweza kufanya kazi.

Walio wazima walikuwa na kero yao. Utumishi wa umma wa miaka 10, jeshi likiwemo, humpa mtu msamaha baada ya malipo 120. Wakaguzi wa serikali waligundua kwamba hadi Januari 2020, watu 287 wa Wizara ya Ulinzi walisamehewa na 5,180 wakakataliwa. Askari aliyepelekwa vitani aliweza kusimamishiwa malipo, jambo lililoonekana jema, kumbe miezi ile haikuhesabiwa. Kasoro hiyo ilianza kurekebishwa Oktoba 2021.

Kama una ndugu aliyetumikia jeshi hilo, muulize kwanza alikopa wapi. Mikopo ya benki binafsi haimo katika mpango huu. Ya serikali, kama bado haijafutwa, ajaze fomu ya ombi na kuambatanisha barua inayoonyesha kiwango chake cha ulemavu. Fomu haina malipo hata senti moja. Anayetaka dola mia kadhaa ili “akushughulikie” hakutumwa na serikali.