Alama ya biashara ni nini, na kwa nini cheti cha jina la biashara hakitoshi

Mtu akishapata cheti cha jina la biashara, mara nyingi huamini kwamba jina lile sasa ni lake peke yake na hakuna mwingine awezaye kuligusa. Sivyo. Wengi huja kulijua hilo siku wanapopokea barua ya wakili inayowataka waliondoe jina kwenye kila kibao, kila mfuko na kila lebo, nao wameshalitangaza kwa miaka.

Jina la biashara huandikishwa ili serikali ijue ni nani anafanya biashara hiyo na nani wa kuulizwa. Alama ya biashara kazi yake ni nyingine. Ni ishara ambayo mnunuzi akiiona juu ya bidhaa anajua imetoka kwa nani. Aliyeisajili ana haki ya kuwazuia wengine wasiitumie, wala wasitumie inayofanana nayo kiasi cha kumchanganya mnunuzi. Ishara yaweza kuwa neno, nembo, herufi, tarakimu au mchanganyiko wa hivyo. Zipo nchi zinazosajili hata rangi, sauti na umbo. Chupa ya Coca-Cola, umbo lake tu, ilisajiliwa Marekani mwaka 1960. Kuwa na anwani ya tovuti, au ukurasa wenye wafuasi wengi, hakukupi haki hiyo.

Watu huichanganya pia na hataza na hakimiliki. Hataza hulinda uvumbuzi, kwa kawaida kwa miaka 20, kisha kila mtu huruhusiwa kuutumia. Hakimiliki hulinda kazi za sanaa na maandishi. Alama ya biashara haina mwisho uliopangwa: katika nchi nyingi husajiliwa kwa miaka 10, kisha huhuishwa kwa miaka 10 mingine, tena na tena. Pembetatu nyekundu ya bia ya Bass, iliyokuwa ya kwanza kwenye daftari la Uingereza tarehe 1 Januari 1876, bado imo.

Haki hii ina mipaka miwili, na ni hapo wafanyabiashara wengi wanapoumia.

Mpaka wa kwanza ni aina ya bidhaa au huduma. Chini ya Mkataba wa Nice wa 1957, bidhaa na huduma zote zimegawanywa katika makundi 45: la 1 hadi la 34 ni bidhaa, la 35 hadi la 45 ni huduma. Sabuni za kuogea na vipodozi viko kundi la 3, mavazi la 25, kahawa na mikate la 30, migahawa la 43. Unasajili kwa kundi, na kila kundi unaloongeza kwa kawaida lina ada yake. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kumiliki neno lilelile katika makundi tofauti bila ugomvi, mradi biashara zao zisikutane. Zikikutana, mambo hubadilika. Apple Corps, kampuni ya muziki ya Beatles, iliishtaki kampuni ya kompyuta ya Apple mwaka 1978. Mwaka 1981 wakapatana kwamba ya kompyuta isiingie kwenye muziki. Baadaye kompyuta zikaanza kutoa muziki, kisha kampuni ikaanza kuuza nyimbo kwa intaneti, na ugomvi ukarudi mahakamani zaidi ya mara moja hadi ulipomalizwa mwaka 2007. Unapojaza maombi, basi, tazama pia bidhaa unazokusudia kuzitoa miaka michache ijayo. Lakini usizoe makundi usiyoyahitaji, kwa sababu alama isiyotumiwa kwa miaka kadhaa mfululizo, mara nyingi mitatu au mitano, inaweza kufutwa mtu akiomba.

Mpaka wa pili ni nchi. Usajili wa nchi moja haulindi katika nyingine. Burger King ilipoingia Australia ilikuta jina hilo limeshachukuliwa na mtu mwingine, na hadi leo migahawa yake huko inaitwa Hungry Jack's. Ukubwa wa kampuni haukusaidia. Kwa anayetaka kuvuka mipaka, Mkataba wa Paris wa 1883 unampa miezi 6 tangu maombi yake ya kwanza: akiomba katika nchi nyingine mwanachama ndani ya muda huo, anahesabiwa kana kwamba aliomba siku ile ya kwanza. Upo pia Mfumo wa Madrid, ambao kwa ombi moja hukufikisha katika nchi zaidi ya 100, ingawa kila nchi hubaki na uamuzi wake wa kukubali au kukataa.

Kabla ya yote hayo kuna kuchagua jina, na kwa maoni yangu hapa ndipo kazi yote ilipo. Jina linaloieleza bidhaa huwavutia wafanyabiashara kwa sababu mteja hulielewa mara moja, lakini ndilo dhaifu kuliko yote. Msajili hawezi kumpa mtu mmoja maneno "Asali Tamu" kwa ajili ya asali, maana kila muuza asali anayahitaji. "Kinubi" kwa sabuni lina nguvu, kwa kuwa kinubi hakihusiani na sabuni hata kidogo. Lenye nguvu zaidi ni neno la kubuniwa lisilo na maana yoyote, kama Kodak, jina la kamera, lililosajiliwa mwaka 1888.

Ukishalipata, tafuta kwenye daftari la alama kabla ya kuchapisha hata lebo moja. Usitafute tahajia yako peke yake. Tafuta na yale yanayosikika karibu na lako, kwa sababu mnunuzi husikia zaidi kuliko anavyosoma. Kisha unapeleka maombi, msajili anayachunguza, na yakipita hutangazwa katika jarida rasmi ili mwenye pingamizi ajitokeze. Muda wa pingamizi ukiisha kimya, cheti hutolewa. Kabla ya cheti unaweza kuweka TM, inayosema tu kwamba unadai alama hiyo. Herufi R ndani ya duara ni ya aliyekwisha kusajili, na kuiweka kabla ya hapo ni kosa la kisheria katika nchi nyingi.

Cheti nacho hakijilindi. Msajili hatembei sokoni kukutafutia waigaji. Hiyo ni kazi ya mwenye alama. Pia lipo jambo la kusikitisha: alama inaweza kufa kwa kupendwa mno, watu wakaifanya jina la kila bidhaa ya aina hiyo. Wasemaji wa Kiswahili tunajua tunavyoita pampasi nepi yoyote ya kutupa. "Aspirin" ilikuwa alama ya kampuni ya dawa ya Bayer, na mahakama ya Marekani ikaamua mwaka 1921 kwamba kwa wanunuzi wa kawaida lilikuwa limeshakuwa jina la dawa tu.

Na angalia sana cheti kinatoka kwa jina la nani. Biashara ya watu wawili ikisajili alama kwa jina la mmoja, mwenye alama ni huyo mmoja. Mchoraji aliyekuchorea nembo anaweza, katika nchi nyingi, kubaki na hakimiliki ya mchoro msipoandikiana kwamba amekuachia. Wakala anayekuuzia bidhaa ng'ambo anaweza kuisajili huko kwa jina lake. Makosa haya hurekebishwa kwa kesi, au kwa hati ya kuhamisha umiliki, na hati hiyo ni lazima isainiwe na yuleyule mliyekosana naye.