Ulitibiwa uraibu, sasa unaomba leseni ya uuguzi Marekani: yapi ya kweli?

Wauguzi wetu walioko Marekani hushauriana sana kwa simu, na ushauri mwingi ni mzuri. Lakini ukifika kwa mtu aliyewahi kutibiwa ulevi au dawa za kulevya huharibika, na anayeumia ni yule aliyejitahidi akapona.

"Ukishaingia rihabu, leseni usahau."

Si kweli. Kila jimbo lina bodi yake ya uuguzi, na bodi hizo zote zinabanwa na sheria ya watu wenye ulemavu ya 1990, ADA. Sheria hiyo humlinda aliyetibiwa akaacha. Anayeendelea kutumia dawa haramu haimlindi. Hata anayetumia methadoni au buprenofini, dawa za kutibu uraibu wa heroini na dawa za jamii yake, kwa maagizo ya daktari analindwa. Machi 2022 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitamka kwamba bodi ya Indiana ilivunja sheria kwa kuwazuia wauguzi wanaotumia dawa hizo wasishiriki katika mpango wa jimbo wa kuwasaidia wauguzi wenye uraibu.

"Nyamaza, hawatajua."

Ushauri huu ndio unaoniuma zaidi, kwa sababu una nusu ya ukweli ndani yake. Rekodi za matibabu ya uraibu zina ulinzi wake maalumu katika sheria za taifa, na kwa kawaida kliniki haiwezi kuzitoa bila idhini yako ya maandishi au amri ya mahakama. Lakini ukiwahi kukamatwa ukiendesha gari umelewa, alama zako za vidole zitalisema hilo. Na kusema uongo kwenye fomu ni sababu tosha ya kunyimwa leseni, au kunyang'anywa baadaye. Jambo ambalo pengine lingemalizwa kwa barua ya daktari linageuka kuwa kesi ya uaminifu.

"Basi waeleze yote."

Hapana, tena hapana. Soma swali la fomu neno kwa neno. Jimbo moja huuliza kama *sasa hivi* una hali inayokuzuia kufanya kazi kwa usalama. Jingine hutaja idadi ya miaka iliyopita. Mtu aliyeacha pombe miaka tisa iliyopita, mzima na anafanya kazi vizuri, akijibu "hapana" kwa swali la kwanza hajadanganya. Swali la kama umewahi kukamatwa au kushtakiwa mahakamani ni jingine kabisa, na linaweza kuhitaji "ndiyo" kwa mtu huyohuyo. Usinakili jibu la rafiki wa jimbo jingine. Maneno yakikutatiza, muulize wakili wa mambo ya leseni kabla hujatuma fomu.

Wengine husema matibabu ya nyumbani hayahesabiki. Ulipata methadoni Muhimbili, au ulikaa soba hausi Zanzibar? Swali linakuhusu wewe, popote ulipotibiwa.

Jibu likiwa "ndiyo", ambatisha maelezo mafupi yako mwenyewe, barua ya aliyekutibu inayosema hali yako ya leo, na hati za mahakama kama zipo. Texas wana utaratibu ninaoupenda: mwanafunzi anaweza kuiomba bodi iamue kuhusu historia yake kabla hajalipa karo ya miaka kadhaa.

"Mpango wa ufuatiliaji ni adhabu tu."

Mpango huu, ambao humweka muuguzi mwenye uraibu chini ya uangalizi, ni mzito, sikatai. Kuna vipimo vya mkojo vya kushtukiza, na mara nyingi gharama ni yako. Lakini mipango kama TPAPN ya Texas na IPN ya Florida iliundwa ili muuguzi atibiwe na abaki katika kazi yake. Fahamu tu kwamba ukiwa ndani ya mpango wa namna hii, ile leseni moja inayotumika katika majimbo mengi haitakuruhusu kuvuka kwenda kufanya kazi jimbo jingine.

Tena, kupata leseni hakumalizi mambo ya uhamiaji. Daktari wa uhamiaji naye huuliza kuhusu dawa za kulevya, na hutazama kama umekaa miezi 12 bila tatizo. Hakikisha unayomwambia yanalingana na uliyoiandikia bodi.