Je, wajua kwa nini mpiga tarumbeta hukaa kwenye noti moja tu?

Jioni, fanfari ya kanisa ikijiandaa pale Himbi, Goma, kinachosikika kwanza si wimbo. Ni tarumbeta moja inayovuta "sol" tupu, inanyamaza, kisha inaivuta tena. Jirani hudhani kijana hajui wimbo wowote. Kumbe amejipa kazi iliyo ngumu kuliko wimbo.

Wengi husema zoezi hili hukuza mapafu. Mapafu ya mtu mzima hayakui kwa kupuliza; kinachofundishwa ni misuli. Mapafu yakijaa hutaka kusinyaa yenyewe, kama puto lililoachiwa mdomo, hivyo mwanzoni mwa noti hewa hukimbilia nje na mbavu hulazimika kuwa breki. Yakishapungua, msukumo ule umekwisha: sasa tumbo ndilo linasukuma. Noti moja, kazi mbili zinazopingana, na msikilizaji hapaswi kugundua zilipopokezana. Mara nyingi sauti hutikisika hapohapo. Katika wimbo wa haraka kasoro hiyo hujificha. Kwenye noti ndefu haina pa kujificha.

Midomo nayo ina mzigo wake. Kwa sol inayoandikwa kwenye mstari wa pili wa noti, kwenye tarumbeta ya si bemol, hufunguka na kufunga mara 349 hivi kwa sekunde. (Programu ya simu ya kupimia sauti itaonyesha fa. Haijakosea: tarumbeta hiyo husikika toni moja chini ya kinachoandikwa.)

Weka metronomu, kifaa cha kuhesabu mapigo, kwenye 60, yaani pigo moja kwa sekunde. Vuta hewa kwa mapigo 4, mabega yakiwa yametulia, na usiifungie kooni: ikishafungiwa, noti huanza kwa kishindo. Anza kwa sauti ndogo kabisa, ikuze kwa mapigo 6, ipunguze kwa mapigo 6. Pumzika mapigo 12, tarumbeta ikiwa mbali na midomo. Kisha shuka nusu-toni moja moja hadi do: sol bila pistoni (vitufe vitatu vya kubonyeza), halafu pistoni ya 2, ya 1, ya 1 na 2, ya 2 na 3, ya 1 na 3, zote tatu, na do bila pistoni. Noti 8, dakika tatu na nusu hivi. Kwenye re na do diezi, sukuma nje kulisi ya pistoni ya tatu, kile kibomba chenye pete ya kidole, la sivyo noti zote mbili zitapanda juu mno.

Nusu ya pili, ile ya kupunguza, ndiyo yenye thamani. Wanaoanza hupunguza hewa yote kwa pamoja, noti inazama, kisha inakufa. Punguza wingi wa hewa, usipunguze kasi yake. Tundu kati ya midomo liwe dogo zaidi. Ikibaki "pff" bila noti, midomo imeachana. Na ukiona duara jeupe mdomoni ukimaliza, umekandamiza chuma badala ya kupuliza. Damu haipiti na mdomo huchoka upesi.

Usichukue ushauri huu mzimamzima kwa ala nyingine. Filimbi ikipulizwa kwa nguvu hupanda, klarineti hushuka.

Je, mwinuko wa Goma, karibu mita 1,500, unapotosha noti? Hapana. Hewa nyepesi itakufanya utafute pumzi mapema kidogo, lakini kinachohamisha noti ni joto: kila nyuzi 1 ya Selsiasi ndani ya bomba huipandisha takriban senti 3, nusu-toni moja ikiwa na senti 100. Asubuhi ya baridi ya ziwani, tarumbeta iliyotoka kwenye sanduku itakuwa chini. Usiguse kulisi kubwa, ile ya kulinganishia ala nzima, bado. Puliza noti zako 8 kwanza, chuma kipate moto, ndipo ulinganishe na wenzako.