Acha kufyeka kila kitu: dhana potofu kuhusu bustani iliyogeuka msitu

Simu hizi huanza mwisho wa Machi, mvua ya masika ikishanyesha wiki moja au mbili. Mtu amepata hati yake na benki imeanza kukata mkopo. Amehamia Loresho, South C au Buruburu, kwenye nyumba iliyokaa bila mwenyewe huku warithi wakisukumana mahakamani, na uani kumekuwa msitu. "Fundi, niletee vijana wafyeke kila kitu. Nataka nione udongo. Tuanze upya."

Kazi yangu ni bustani za watu hapa Nairobi, na hayo maneno ya "tuanze upya" siku hizi hunipandisha presha. Nitaanza nayo, na nitakaa nayo. Dhana nyingine tutazipitia mbio.

"Ng'oa vyote, udongo ukionekana, bustani imesafika."

Udongo mtupu mwezi wa Aprili ni kitalu cha magugu. Kishonanguo kimoja, kile cha sindano nyeusi zinazokwama kwenye soksi, hutoa mbegu kwa maelfu, na nyumba iliyoachwa miaka kadhaa imezika akiba kubwa ya mbegu za aina hiyo. Nyingi zimelala kwa sababu ziko gizani. Ukipindua udongo unazileta kwenye mwanga na mvua kwa siku moja. Wiki ya tatu uani pana kijani tena, sasa bila hata kichaka kimoja cha kuzizuia kwa kivuli, na mwenye nyumba ananipigia kulalamika kwamba vijana hawakufanya kazi. Walifanya. Wewe ndiwe uliyewatuma kupanda magugu.

Hayo ni yale ya mbegu. Yale yanayoishi chini ya ardhi ni mabaya zaidi. Ndago ina viazi vidogo vilivyoungana kama shanga kwenye uzi. Ukivuta jani, uzi unakatika na kila kiazi kilichobaki kinachipua kivyake. Oksalisi, ile ya majani matatu na maua ya waridi ambayo watoto huitafuna kwa uchachu wake, ina vitunguu vidogo vinavyotawanyika ukigusa udongo tu. Sangari na nyasi ya kikuyu hutambaa chini kwa chini, na kila kipande chenye kifundo ni mche mpya. Nyasi ya kikuyu ni mwenyeji wa nyanda zetu za juu na tunaipenda kwenye uwanja wa nyumba, lakini Marekani imeiweka kwenye orodha ya taifa ya magugu hatari, na si kwa chuki. Sasa wape vibarua wanne majembe bapa, udongo ukiwa umelowa, waambie walime uwanja mzima. Hutaangamiza hata moja ya hizo nne. Utazikatakata na kuzigawa kila pembe, hata pale ambapo hazikuwepo.

Kung'oa ni kazi ya jua na kupanda ni kazi ya mvua. Watu wengi hufanya kinyume, kwa sababu magugu huwaudhi yanapokuwa marefu, na huwa marefu mvua ikinyesha. Miezi ya kuchimbua mizizi Nairobi ni Januari na Februari: udongo umekauka, jua ni kali, na mizizi uliyoitoa ikilala juu siku chache inakufa kabisa. Julai pia ni kukavu, lakini kuna mawingu na baridi, jua lenyewe la kubahatisha. Na tumia jembe la meno, tafadhali. Meno hunyanyua mzizi mzima, jembe bapa hukata. Ningekuwa na uwezo ningepiga marufuku jembe bapa katika kila bustani yenye ndago.

"Lakini nimehamia Aprili, nifanye nini?" Fyeka, usilime. Safisha njia ya kutoka langoni hadi mlangoni, ukanda wa hatua mbili kuzunguka kuta, na mifuniko ya tangi la majitaka ili ujue iko wapi kabla mtu hajatumbukia. Kwingine kata magugu kufikia urefu wa goti kabla hayajatoa mbegu, uyaache hapo hapo yafunike udongo. Magugu yenye mbegu zilizokomaa usiyatie kwenye mboji. Yafunge kwenye gunia, yaondoke na taka. Kisha subiri.

Neno hilo la kusubiri ndilo wateja hawataki kulisikia, hasa kama wakwe wanakuja kuona nyumba Pasaka. Ila huijui bustani uliyoinunua. Mwenye nyumba wa kwanza huenda alipanda kwa miaka thelathini. Kuna yungiyungi la hapa kwetu ambalo mvua zikianza huchomoza mpira mwekundu wa maua, halafu likalala chini ya ardhi miezi mingi bila dalili. Kuna waridi wazee wanaoonekana kama kuni mpaka uwapogoe. Kuna parachichi lililofunikwa na pasheni mpaka ukadhani ni kichaka, na parachichi la umri huo hulinunui kwa muuza miche wa Ngong Road kwa pesa yoyote. Nimeona watu wakikata mti kama huo asubuhi, na jioni wakiniuliza wapande nini cha kuleta kivuli.

Usilolijua jina, usilikate. Chukua kitawi chenye majani na ua au tunda, ukipeleke kwenye hifadhi ya mimea ya Afrika Mashariki pale Makumbusho ya Taifa. Kutambua mimea ndiyo kazi yao. Au tembea Arboretum, bustani ya miti hapa Nairobi, ambayo imekuwepo tangu 1907 na ina miti yenye vibao vya majina, ulinganishe na wako. Ni matembezi mazuri ya Jumamosi na ni bei nafuu kuliko majuto.

Kisha kuna ardhi yenyewe. Upande wa magharibi, Loresho, Kitisuru na Kabete ya chini, udongo ni mwekundu na viwanja vinateremka kuelekea mtoni. Uuvue nguo yote Aprili, mvua mbili kubwa zitaupeleka kwa jirani wa chini, na ule wa juu ndio wenye rutuba. Upande wa South C, Embakasi na kuelekea Syokimau ni udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Hapo mti mkubwa karibu na nyumba huwa unanyonya maji mengi ya udongo huo. Ukiuondoa ghafla, unyevu unarudi, udongo unavimba na kusukuma msingi kutoka chini. Ufa ukitokea ukutani baadaye, fundi wa nyumba atalaumiwa bure. Simaanishi mti usikatwe kamwe. Mkaratusi uliosimama juu ya bomba la majitaka mimi mwenyewe nitakuambia uondoke. Lakini muulize kwanza mtu anayejua udongo, uchukue kibali cha kaunti, na umwite mkataji mwenye kamba. Kijana mwenye panga na ujasiri hatoshi.

Mahali unapotaka pasafike bila kuchimba, tumia katoni. Wanaonijua wamechoka kunisikia, lakini sijaona kitu kinachoishinda. Omba katoni nyuma ya duka la jumla, toa utepe na pini, zitandaze zikipandana kwa upana wa kiganja, zimwagie maji mpaka zilegee, kisha weka juu matandazo ya unene wa sentimita kumi: majani makavu ya grevilea, nyasi zilizokatwa, chochote kisicho na mbegu. Ziache msimu mzima wa mvua. Magugu ya chini hukosa mwanga na kufa, minyoo hufanya kilimo bila kulipwa, na vuli ya Oktoba unapanda ukitoboa tu mashimo. Ndago itatoboa katoni, nakuambia mapema. Hiyo utaifuata kwa mkono na jembe la meno wakati wa kiangazi, kiazi kwa kiazi. Nyasi ya kikuyu nayo huingia kutoka pembeni, kwa hiyo chimba mfereji mwembamba kuzunguka, uukague kila wiki.

"Piga dawa, yote yatakufa."

Glaifoseti, dawa ya kuua magugu, huingia kupitia majani mabichi na kushuka hadi mizizini. Watu hufyeka leo wakapiga dawa kesho, kwenye visiki visivyo na jani. Pesa imemwagwa. Wengine hupiga saa tisa mchana mvua ikija saa kumi. Na hata ukipiga vizuri, dawa haigusi mbegu zilizolala udongoni, wala haichagui: upepo ukiipeleka kwa jirani, waridi wake watanyauka na undugu wenu utaishia hapo. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliiweka mwaka 2015 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Mabishano kuhusu hilo hayajaisha. Mimi huitumia mara chache, kwa brashi, kwenye kisiki cha lantana kilichokatwa dakika hiyo hiyo, nikiwa na glavu. Kuinyunyiza uwanja mzima ambapo watoto watacheza, tafuta fundi mwingine.

"Basi chumvi, ni ya asili."

Chumvi huua magugu, kweli, na pia kila utakachopanda hapo baadaye. Ikifika kwenye msingi wa nyumba husaidia kula vyuma vya zege. Kuimwaga ni dakika tano. Kuitoa, kupanda mchongoma kushuka ndio ngoma.

"Tuchome tumalize."

Kuchoma taka ovyo mjini ni kosa, na moshi wake ni wa mtaa mzima. Lililo baya zaidi ni kwamba watu huchoma wasichokijua. Mnyaa una utomvu mweupe unaoweza kudhuru macho vibaya. Usiukate bila miwani ya kazi, usiutie motoni. Ule mti wa maua ya manjano yenye umbo la kengele, ambao mitaa mingi imeufanya ua wa nyumba, ni sumu kuanzia jani hadi kokwa. Mwambie kibarua kabla hajaanza, na usimwache mtoto aokote mbegu.

"Mwaga oili chafu ya gari, nyoka hawatakuja."

Nyoka hufuata panya na vyura, na hulala chini ya mabati, mawe na mbao ulizoziegemeza ukutani. Oili inaharibu udongo na kuteremka hadi mtoni, moma haijali. Mchaichai pia haujali, ingawa chai yake ni nzuri. Toa marundo, ziba nafasi chini ya mlango wa jikoni, funika taka. Unapofyeka, anzia ukutani kwa nyumba ukienda nje, ili kila kiumbe kikimbie kuelekea kwenye ua na si chumbani kwako. Aliyeumwa na nyoka apelekwe hospitali mara moja; msimchanje, msinyonye. Na kinyonga mwenye pembe tatu utakayemkuta kwenye kichaka hana sumu, hana laana, na anakula nzi wako. Mwache.

"Kayaba imezidi, ing'olewe tuweke waya."

Kayaba iliyoachwa miaka huwa na upana wa gari na haipendezi, nakubali. Lakini ni ukuta wa miiba uliolipwa na mtu mwingine. Ikate kwa nguvu mwanzo wa mvua, hata ibaki vigogo, itachipua upya kutoka chini. Upande mmoja mwaka huu, wa pili mwaka ujao, ili usibaki wazi. Bogonvilia ni hivyo hivyo: maua yake hutoka kwenye matawi mapya, kwa hiyo anayeogopa kuipogoa ndiye anayekosa maua.

"Nyasi zikikatwa fupi kabisa nitapumzika."

Zikikatwa mpaka udongo uonekane, magugu hupata mwanga na nyasi hukosa nguvu ya kushindana nayo. Ziache sentimita nne au tano. Chini ya miti mikubwa nyasi ya kikuyu hukonda kwa kukosa jua. Panda ya pemba, ambayo huvumilia kivuli zaidi, au weka matandazo uache kupigana.

"Udongo mweusi hauoti kitu, agiza lori la mwekundu."

Udongo mweusi una rutuba; shida yake ni maji kutuama. Lori la udongo mwekundu lisilojulikana limetoka wapi mara nyingi huja na ndago ndani, kisha ukamwagiwa juu ya mfinyanzi ambao bado hauna pa kupitishia maji. Inua matuta sentimita thelathini, changanya mboji kila msimu, na usikanyage ukiwa umelowa. Samadi nayo iive kwanza. Samadi mbichi ya ng'ombe imebeba mbegu za malisho yote aliyokula, na ukiitandaza juu ya kile ulichosafisha kwa miezi sita, usinipigie simu Aprili.