Taazia ya mwalimu wa hesabu iwe na hesabu ndani yake

Taazia nyingi za walimu wastaafu ninazohariri zinafanana. Marehemu alikuwa mchapakazi, mpole, alipenda wanafunzi wake, alisaidia jamii. Futa jina lake, weka la mwalimu mwingine, na hakuna atakayeshtuka. Chukua mfano wa mwalimu wa hesabu aliyehama India, akafundisha ugenini hadi kustaafu, kisha akatoa akiba yake kusomesha watoto wa wenzake: huyo anastahili kuandikwa kwa yale aliyoyafanya hasa.

Anza na ubao. Ukimuuliza mwanafunzi wake wa zamani "alikuwa mtu wa namna gani?" utapewa sifa zilezile. Mpe karatasi na kalamu, umwambie akuonyeshe kitu kimoja alichofundishwa na hakijamtoka kichwani. Kisha nyamaza umwachie muda. Akichora, chukua karatasi hiyo, ndiyo kiini cha taazia.

Mfano wa kinachoweza kutokea hapo ni huu. Kosa sugu mojawapo katika aljebra ya sekondari ni kudhani kwamba (a + b)² ni a² + b². Mwalimu wa kawaida huweka alama ya kosa na kuandika jibu sahihi. Mwalimu mzuri huchora mraba wenye upande wa 7, akaugawa kila upande kuwa 3 na 4. Ndani yake kuna mraba mdogo wa 9 na mwingine wa 16, jumla 25. Lakini mraba mzima ni 49. Zile 24 zimekwenda wapi? Mwanafunzi anaziona mwenyewe: mistatili miwili iliyobaki pembeni, kila mmoja 3 kwa 4, yaani 12 na 12. Hiyo ndiyo 2ab, na aliyeiona hivyo haisahau. Ukiandika aya hiyo moja, msomaji amemjua mwalimu kuliko angepewa sifa kumi.

Ushahidi mzuri kwamba mwalimu hukumbukwa kwa hesabu yake ni D. R. Kaprekar (1905–1986), mwalimu wa shule huko Devlali, magharibi mwa India. Chukua namba ya tarakimu nne ambazo si zote sawa, mfano 3524. Zipange kutoka kubwa hadi ndogo, kisha ndogo hadi kubwa, na utoe: 5432 − 2345 = 3087. Rudia: 8730 − 0378 = 8352. Tena: 8532 − 2358 = 6174. Ukiendelea utabaki palepale, kwa sababu 7641 − 1467 ni 6174. Namba yoyote ya aina hiyo hufika hapo kwa hatua zisizozidi saba. Sharti la kushikilia ni kubakiza sifuri ya mbele. Ukiiacha, hesabu inaharibika. Kaprekar anakumbukwa duniani kwa sababu mtoto yeyote mwenye penseli anaweza kuirudia kazi yake.

Sasa tarehe na majina, ambako makosa hujificha. India ilitunga sheria moja ya kusajili vizazi na vifo nchi nzima mwaka 1969, hivyo wazee wengi wana tarehe mbili za kuzaliwa: ya nyumbani na ya cheti cha shule. Iulize familia inataka ipi, na usichanganye. Mahali pa kuzaliwa andika kwa hali ya wakati ule: jimbo la Gujarat lilianza tarehe 1 Mei 1960, na Lahore imekuwa Pakistan tangu 1947. Madras ikawa Chennai mwaka 1996. Kwa watu wa Tamil Nadu, herufi inayotangulia jina mara nyingi ni ya jina la baba wala si ukoo. Fomu za uhamiaji zimewabandika wengi ukoo wasiokuwa nao. Tumia jina ambalo wanafunzi walimwitia.

Kwenye misaada ndiko ninakokaza zaidi. Tenganisha mambo matatu: alichotoa mwenyewe, alichoahidi, na alichochangisha kwa wengine. Kama alituma rupia nyumbani, angalia alama za mkato. Wahindi huandika 25,00,000, yaani laki 25, ambayo ni milioni 2.5. Nimeona ikigeuzwa kuwa 250,000 na pia milioni 25. Na kabla ya kutaja kiasi chochote, omba ruhusa ya familia. Wapo waliotoa kwa sharti la kutotajwa.

Halafu kuna ile ahadi ya "mfuko wa kudumu" kwa jina lake. Usiiandike kabla ya kupiga hesabu. Tuseme mtaji ni 100,000 na faida ni asilimia 5 kwa mwaka. Ukitoa ufadhili wa 10,000 kila mwaka, mfuko unakauka baada ya miaka 14 hivi. Ukitoa 5,000, mtaji haupungui kwa tarakimu, lakini bei zikipanda asilimia 3 kwa mwaka thamani yake inabaki nusu baada ya miaka 24 hivi (kwa makadirio ya haraka, gawa 72 kwa asilimia ya mwaka, hapa 3). Unaodumu kweli ni ule unaotoa kama 2,000 na kurudisha 3,000 kwenye mtaji. Ikiwa 2,000 haitoshi ada ya mtoto mmoja, ni heri kutangaza waziwazi ufadhili wa miaka 14. Mwalimu wa hesabu asiwekewe jina lake kwenye ahadi isiyojumlika.

Rasimu ikikamilika, mpe mtu mmoja wa familia akague tarehe, na mwanafunzi mmoja wa zamani akague hesabu. Kama itasomwa kwa sauti msibani, alama kama (a + b)² hazisomeki. Sema "mraba wa upande wa saba", na mchoro wenyewe uchapwe kwenye karatasi ya ratiba, ukubwa wa angalau sentimita 7 kwa 7 ili mistatili ile miwili ionekane.