Tarehe ya Kwenye Pakiti Haijui Kama Umeme Ulikatika

Swali tunaloulizwa mara nyingi kuliko yote linahusu biskuti. Tarehe ya mwisho imepita wiki mbili, pakiti haijafunguliwa, watoto wanazikodolea macho. Zitupwe? Jibu letu huwashangaza watu: fungua, onja moja, kama haijalegea wala kunuka mafuta ya zamani, wape watoto. Ukimdodosa muulizaji huyohuyo, atakuambia ana pakiti ya maziwa fresh kwenye friji, umeme ulikatika juzi usiku kucha, na maziwa hayo hayamsumbui kichwa kwa sababu "tarehe bado". Sisi wa usalama wa chakula tunayaogopa maziwa hayo kuliko biskuti.

Tarehe ni ahadi ya mtengenezaji, na ahadi hiyo ina masharti. Anakuambia kwamba bidhaa hii, ikikaa imefungwa na kuhifadhiwa kama alivyoandika, itabaki ilivyotoka kiwandani hadi siku fulani. Ukivunja sharti, ahadi imekufa hata kama tarehe ni ya mwakani. Maziwa ya boksi yaliyopitishwa kwenye joto kali hukaa kabatini miezi kadhaa bila friji, lakini ukishakata ile kona, tarehe iliyochapwa juu haikuhusu tena. Sasa unahesabu siku chache tu, na yakae kwenye friji.

Halafu tarehe zenyewe haziko sawa. "Best Before", yaani bora itumike kabla ya, inazungumzia ubora: ladha, harufu, ukavu, rangi. Utaikuta kwenye tambi, biskuti, majani ya chai, mchele wa pakiti, vyakula vya kopo. Ikipita, chakula kinaweza kuwa kimechoka tu. "Use By", yaani tumia kabla ya, inazungumzia usalama, na huwekwa kwenye vyakula vinavyoharibika upesi kama nyama mbichi, samaki wa baridi na soseji. Hiyo ikipita usionje, tupa. Shida yetu ni kwamba bidhaa nyingi madukani zina herufi tatu tu, "EXP", bila kukuambia ni ipi kati ya hizo mbili. Hapo angalia aina ya chakula. Kikavu, chenye sukari nyingi au chumvi nyingi, kina nafasi ya kujadiliwa. Chenye majimaji na kinachodai friji, hakina. Maziwa ya kopo ya watoto wachanga hayajadiliwi kabisa: tarehe ikipita, hayafai, maana virutubisho hupungua na mtoto huyo hana chakula kingine cha kufidia.

Tahadhari moja kuhusu kusoma tarehe: mzigo ukitoka Marekani, mwezi hutangulia siku. 03/05 kwao ni tarehe tano Machi, si tatu Mei. Nimewahi kuona mteja na muuza duka wakibishana nusu saa juu ya kopo moja la siagi ya karanga, kila mmoja ana hakika na hesabu yake.

Majadiliano ya kula au kutupa, lakini, ni ya nyumbani kwako. Mwenye duka hana ruhusa ya kukuuzia kilichopita muda, hata kwa nusu bei, hata akikuapia kwamba yeye mwenyewe anakila. Ukiona tarehe imefutwafutwa, au kibandiko kimebandikwa juu ya kingine, rudisha bidhaa rafuni na utoe taarifa kwa mamlaka ya viwango.

Sasa tuje kwenye pua. Wengi wetu tumelelewa na mama aliyefunua sufuria, akanusa, akatoa hukumu. Pua ile ilikuwa na kazi yake: hutambua chakula kilichochacha au kuoza. Ila bakteria wanaoozesha chakula, mara nyingi, si wale wanaomlaza mtu hospitali. Listeria, kwa mfano, huendelea kuongezeka hata ndani ya friji, haibadilishi harufu, na inaweza kuharibu mimba. Chakula kinachonuka vibaya kitupe, sawa. Kisichonuka hakijashinda kesi.

Kuna na kauli ya "nitakichemsha vizuri". Moto huua bakteria, lakini baadhi yao huacha sumu ambayo moto hauifanyi kitu. Mfano ulio karibu nasi ni kiporo cha wali. Mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus hustahimili kuchemka pamoja na mchele. Wali ukilala kwenye sufuria mezani, mbegu zile huamka na kutoa sumu, na asubuhi unaupasha moto mpaka unatoa mvuke, sumu ipo palepale. Kutapika huanza ndani ya saa chache. Samaki nao wana yao. Jodari na vibua wakikosa barafu baada ya kuvuliwa, bakteria hutengeneza kemikali iitwayo histamini kwenye nyama yao. Mlaji anawashwa, uso unaiva, kichwa kinagonga, naye anasema ana mzio wa samaki, kumbe samaki yule alikaa juani. Kukaanga hakuiondoi histamini hiyo.

Na kiporo, kama ujuavyo, hakina tarehe. Kipimo chake ni saa mbili: chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya hapo, kiingie kwenye friji chini ya nyuzi 5, au kibaki motoni juu ya nyuzi 60. Kati ya namba hizo mbili bakteria wanasherehekea, na joto la Dar es Salaam au Mombasa liko katikati kabisa. Umeme ukikatika, friji isiyofunguliwafunguliwa hushika baridi kama saa nne hivi. Zaidi ya hapo, nyama, samaki, maziwa na mboga zilizopikwa viondoke, tarehe iseme isemavyo.

Mahindi na karanga za gunia hazina tarehe vilevile, nazo zimeua watu. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, sumukuvu kwenye mahindi iliwafanya watu 317 waugue na 125 kati yao wakafa. Mwaka 2016 ugonjwa huohuo ulizuka Dodoma na Manyara. Kuvu wanaotoa sumu hiyo hupenda nafaka iliyovunwa au kuhifadhiwa ikiwa na unyevu. Kuisaga, kuipika ugali au kuikaanga hakuiondoi. Ukiona karanga zimesinyaa, zimebadilika rangi au zina ukungu, usizichambue ukabakiza zinazopendeza na kusaga zilizobaki kwa ajili ya uji wa mtoto. Tabia hiyo ipo, tunaijua.

Kopo la bati lina sheria yake. Likivimba, likivuja, likitoa mchirizi wa hewa kwa nguvu unapolifungua, au likibonyea kwenye mshono, usionje hata kwa ncha ya ulimi. Ndani yake panaweza kuwa na sumu ya botulini, na kiasi kidogo sana kinatosha kupooza misuli ya kupumulia. Kopo lenye mbonyeo mdogo ubavuni, halina kutu, halijavimba, limepita mwezi mmoja? Mimi ningelifungua.

Ukishaamua kutupa, usitupe pakiti nzima. Mwaga kilichomo, changanya na takataka au majivu, kisha chana boksi na toboa kopo. Dampo lina watu wake, na bidhaa iliyotupwa ikiwa bado inang'aa hurudi sokoni kabla ya jioni.